Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa TMDA: vihisi vya ndani ya mshipa vijaribiwe kwanza kwa wagonjwa wetu

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba.

YAH: VIHISI VYA FAIBA VINAVYOPIMA DAMU NDANI YA MSHIPA

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni muuguzi wa wodi ya watoto njiti katika hospitali ya umma. Nakuandikia kuhusu aina ya kifaa ambacho wodini kwetu bado hatukitumii, lakini ambacho siku mwombaji akikileta nchini, faili lake litapita kwenye ofisi yako kabla hakijamgusa mtoto yeyote.

Mtoto wa kilo moja ana damu ya mililita 80 hadi 100 hivi mwili mzima. Daktari akitaka kujua oksijeni, kaboni dayoksaidi na pH (kiwango cha asidi) ya damu hiyo, inabidi tuvute kidogo kutoka kwenye ateri, yaani mshipa unaotoa damu moyoni kuipeleka mwilini, kwa sindano yenye heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, tutoe mapovu ya hewa, kisha tuikimbize kwenye mashine kabla chembe za damu hazijaitumia oksijeni iliyomo. Ukirudia hivyo mara kadhaa kwa siku, mtoto anaweza kufikia kuongezewa damu kwa sababu ya vipimo tu. Na jibu likija, linasema hali ilivyokuwa wakati ule wa kuvuta. Mtoto njiti habaki vilevile kwa nusu saa.

Katikati ya kipimo kimoja na kingine tunategemea oksimita ya kubana mguuni, kifaa kinachokadiria oksijeni ya damu kwa mwanga unaopita kwenye ngozi. Imeokoa wengi na sitaki yeyote aivue baada ya kusoma barua hii. Lakini kaboni dayoksaidi haiioni kabisa. Na kiwango kikishapita asilimia 95 au zaidi, haiwezi kukuambia kama oksijeni imetosha tu au imezidi mno, kwa kuwa himoglobini, ile inayobeba oksijeni kwenye damu, imeshajaa na namba haina tena pa kupanda. Kwa mtu mzima hilo si tatizo kubwa. Kwa njiti, oksijeni iliyozidi huharibu mishipa ya jicho ambayo bado inakua, na anaweza kupoteza uwezo wa kuona.

Kisha kuna suala la ngozi. Mwaka 2020 watafiti wa Marekani walilinganisha namba za oksimita na damu halisi ya ateri. Kati ya vipimo ambavyo oksimita ilionyesha asilimia 92 hadi 96, damu yenyewe ilikuwa chini ya 88 kwa asilimia 11.7 ya vipimo vya wagonjwa weusi, na kwa asilimia 3.6 ya vile vya wagonjwa weupe. Oksimita zimetumika duniani tangu miaka ya 1970. Tulizipokea kama zilivyo, na ndizo tunazozitumia hadi leo kwa wagonjwa ambao karibu wote ni weusi.

Ndiyo maana kihisi cha faiba kinanipa matumaini. Ni uzi mwembamba, jamaa ya ule unaobeba intaneti kwenye Mkongo wa Taifa, wenye unene wa karibu nusu milimita, unaopitishwa ndani ya kanula, ule mrija mdogo unaochomekwa mshipani, hadi kwenye ateri. Kwenye ncha yake kuna rangi maalumu. Mwanga ukipelekwa, rangi hiyo inang'aa, na oksijeni inapoongezeka mng'ao unafifia. Kifaa kinapima kiasi cha kufifia. Rangi nyingine hubadilika kufuatana na pH. Kaboni dayoksaidi hupenya utando na kubadilisha pH ya kimiminika kidogo kilichofungiwa humo. Umeme hauingii mwilini, damu haivutwi, ngozi haipo katikati, na namba zinakuja muda wote.

Lakini wazo hili lina umri mkubwa, na historia yake ndiyo inayonifanya niandike. Mwaka 1975 Lübbers na Opitz wa Ujerumani walieleza vihisi vya mwanga vya kupima gesi na kuviita optodi. Mwaka 1980 John Peterson na wenzake wa NIH, taasisi za taifa za utafiti wa afya za Marekani, walitoa kihisi cha faiba cha pH, na mwaka 1984 cha oksijeni. Mwishoni mwa miaka ya 1980 na katika miaka ya 1990 kampuni kadhaa zilivipeleka hospitalini. Maabara vilisoma vizuri. Ndani ya ateri ya mkono wa mgonjwa vikaanza kuyumba, na vingi vikaondoka sokoni.

Sababu zinajulikana. Damu huganda kwenye ncha, na chembe zilizonaswa pale zinakula oksijeni na kutoa kaboni dayoksaidi, hivyo kifaa kinapima bonge na si damu inayopita. Ncha ikiegemea ukuta wa mshipa, kinasoma oksijeni ya nyama ya pembeni. Mshipa ukibana, damu inapungua mwendo na namba inashuka. Naomba ulitazame hilo kwa jicho la wodini: saa tisa usiku kioo kinaonyesha oksijeni imeshuka, muuguzi aliye peke yake anaongeza oksijeni, kumbe damu ya mtoto ilikuwa sawa. Kifaa kilicholetwa kulinda macho yake ndicho kimeyaweka hatarini.

Kwa hiyo, ombi langu. Kihisi chochote cha aina hii kisisajiliwe kwa ushahidi wa maabara na wa wagonjwa wa mbali peke yake. Mwombaji alinganishe namba zake na damu ya ateri iliyovutwa kwa wagonjwa wa hapa, kwa ridhaa yao au ya wazazi, watoto njiti wakiwemo, na aonyeshe usahihi unabadilikaje kadiri kihisi kinavyokaa mshipani, maana rangi nayo huchakaa kwa mwanga. Aseme wazi ni mara ngapi damu iliganda kwenye ncha. Wagonjwa wa selimundu wasiachwe nje kwa hoja kwamba wanavuruga takwimu: himoglobini yao huiachia oksijeni kwa urahisi zaidi, kwa hiyo asilimia ya oksimita haitoi picha kamili kwao, na wangefaidika sana na kipimo cha oksijeni yenyewe.

Kuna jambo lingine linalosahaulika kwenye zabuni. Baadhi ya vihisi hivi lazima virekebishwe kwa gesi za kiwango kinachojulikana kabla ya kuingizwa mshipani. Mwombaji aulizwe mitungi ya gesi hizo ataileta nani, itafika mikoani kwa njia gani, na umeme ukikatika kihisi kikiwa ndani ya mshipa, namba zitakazorudi baadaye zinaaminika au kianze upya.

Na matokeo hayo yachapishwe kwa Kiswahili, kwa kurasa chache ambazo muuguzi wa zamu anaweza kuzisoma. Oksimita tumeibana miguuni mwa watoto miaka yote hii bila mtu kutuambia inakosea kwa nani. Nikiwa tayari kusaidia kukusanya vipimo hivyo wodini kwetu, nasubiri majibu ya ofisi yako.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Muuguzi, wodi ya watoto njiti