Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa Kaunti yetu: Simu mliyotupatia imezimika tena

Mheshimiwa Waziri,

Pokea salamu zangu na heshima zote unazostahili. Mimi ni mhamasishaji wa afya ya jamii, yaani CHP, katika kaunti yako. Nina nyumba 103 mikononi mwangu, na kazi hii niliianza zamani, enzi tukiitwa wahudumu wa kujitolea na malipo yetu yakiwa fulana na soda ya siku ya semina. Nayasema haya mapema usije ukadhani ni mgeni wa jana aliyekuja kulalamika.

Nimekwisha kuandika barua 3 kupitia kwa afisa wetu. Ya kwanza nilijibiwa kwa mdomo kwamba imefika. Ya pili sijui iliko. Ya tatu afisa mwenyewe alinirudishia akaniambia, "Mama, wewe vumilia tu." Nikavumilia. Jumanne iliyopita uvumilivu ukaniishia, ndiyo maana leo nakuandikia hadharani.

Asubuhi hiyo nilipita kwa mama mmoja aliyekuwa na siku 9 tangu ajifungue. Nikamkuta ameketi kizingitini, kichwa kinamgonga, anasema anaona ukungu machoni. Nikafungua mkoba nikamfunga mashine ya presha (betri zake nilinunua mwenyewe, lakini tuyaache hayo). 162 kwa 108. Nikampumzisha, nikarudia: 164 kwa 110. Mheshimiwa, hapo hata asiyesomea udaktari anajua hakuna kungoja. Nikatoa simu nimwandikie rufaa. Ikawaka, ikaonyesha chaji asilimia 61, nikafika kwenye jina lake, ikazimika. Nikaiwasha, ikazimika. Mara ya tatu haikuwaka kabisa.

Nikachana ukurasa kwenye daftari la hesabu la mjukuu wangu, ambalo siku hizi natembea nalo, nikaandika jina, umri, siku tangu kujifungua, presha zote mbili na saa. Tukapanda bodaboda, nauli juu yangu. Kituoni, kijana wa dirishani akaitazama karatasi, akaitazama kompyuta, akasema, "Huyu hayuko kwenye mfumo. Mwambieni CHP wake amtume kwa simu." Nikamwambia CHP wake ndiye mimi. Akasema, "Basi mtume."

Tulikaa kwenye benchi dakika 40. Muuguzi mmoja aliyekuwa akipita zake aliona miguu ya yule mama ilivyovimba, akamshika mkono akaingia naye ndani bila kumuuliza mtu. Alilazwa, akatibiwa, yuko hai. Namshukuru Mungu na yule dada. Mfumo siushukuru.

Ningemeza hata hayo. Lakini Ijumaa, kwenye mkutano wa mwezi, majina yetu yakasomwa moja baada ya jingine. Langu: nyumba 103, zilizotembelewa 14. Kumi na nne! Mimi ambaye viatu vyangu vimeshonwa soli mara mbili mwaka huu. Wenzangu wakainamisha macho kwa aibu iliyokuwa yangu. Kisha tukatangaziwa kwamba wenye alama za chini marupurupu yao yataangaliwa upya.

Nadhani wanaokuletea ripoti hawajakueleza jambo moja. Programu tunayotumia imetengenezwa ifanye kazi hata pasipo na mtandao, na hilo ni jema, maana ng'ambo ya mto kwetu mtandao ni wa kutafuta juu ya kichuguu. Unamtembelea mtu, unaandika, taarifa zinakaa ndani ya simu zikisubiri ufike penye mtandao zipande. Simu ikifa kabla hazijapanda, zinakufa nayo. Mwezi uliopita fundi aliniambia yangu haitawaka mpaka afute kila kilichomo. Ningefanyaje? Nyumba zaidi ya 60 zikafutika pale mezani kwake nikitazama, na nikamlipa shilingi 800 kwa kazi hiyo. Zikabaki 14 nilizozitembelea baadaye. Hizo ndizo alama zangu.

Kwa nini zinaharibika? Mimi si fundi. Betri yangu imevimba mpaka kifuniko kinabenuka. Huenda ni umeme wa sola wa kwa kinyozi tunakochajia kwa shilingi 20, unapanda na kushuka. Huenda simu zilikaa stoo mno kabla ya kutufikia. Wapo wanaonong'ona mengine kuhusu zabuni, na hayo mimi siyajui.

Naikumbuka vizuri tarehe 25 Septemba 2023, Rais Ruto alipozindua mpango huu wa wahamasishaji Uhuru Park, Nairobi, na sisi zaidi ya 100,000 nchi nzima tukatengewa mikoba na simu. Mwezi uliofuata Sheria ya Afya ya Msingi na Sheria ya Afya ya Kidijitali zikatiwa saini. Nililia siku ile, sikufichi. Miaka yote hiyo ya kuandika daftari la MOH 514 la kazi zetu kwa kalamu inayovuja, leo serikali imenikumbuka! Kwetu, siku ya kukabidhiwa, tuliambiwa madaftari sasa ni ya makumbusho. Nikainua mkono nikauliza, "Na simu ikiharibika?" Tukajibiwa kuna utaratibu. Mheshimiwa, huo utaratibu unakaa ofisi gani? Nipe namba ya mlango nitaufuata kwa miguu.

Mwaka jana tulifurahi tena. Tukaambiwa kuna fungu la kuboresha vifaa vyetu. Tukajaza fomu, tukapigwa picha tumeshika simu zilizopasuka vioo kama watu waliokamatwa na vitu vya wizi. Kimya. Baadaye nikasikia fungu hilo limenunua kompyuta za ofisini na skrini kubwa ya ukutani ya kufuatilia kazi yetu. Sina ushahidi, nimesikia tu. Ila kama ni kweli, nakuomba usimame mbele ya hiyo skrini siku moja uitazame. Utaona tulivyo wavivu.

Sababu nyingine tuliyopewa ni kwamba wafadhili wameondoka. Tunajua, redio tunasikiliza. Marekani ilisimamisha misaada Januari 2025. Lakini simu yangu ilianza kuzimika 2024. Haikuwangoja Wamarekani.

Marupurupu yangu ni shilingi 5,000 kwa mwezi, 2,500 za serikali kuu na 2,500 zenu. Zenu mnajua wenyewe mara ya mwisho zilikuja lini. Humo ndimo ninamolipa fundi, chaji, bando, nauli za wagonjwa, na nimeshachukua mkopo wa chama kununua betri ambayo ilikaa wiki 5. Mwenye chama ananidai na mimi sina wa kumdai, ila wewe.

Nilikuwa nimeandika maombi 6 hapa, nikayakata. Vijiti vya kupima sukari viliisha zamani, lakini hiyo itakuwa barua nyingine. Ombi langu ni moja: simu inayowaka. Siyo mpya, siyo ya bei, inayowaka tu. Na kama fungu limekwisha, basi turudishieni madaftari na fomu ya rufaa ya MOH 100, na kijana wa dirishani aandikiwe waraka kwamba karatasi yenye sahihi yangu ni rufaa. Simu inayowaka, Mheshimiwa, ama karatasi inayopokelewa. Kimojawapo.

Yule mama ametoka hospitali jana. Nimeagizwa nimpime presha nyumbani kila baada ya siku 2 na kuripoti. Kesho ndiyo siku ya kwanza. Nitafika kwake kabla ya saa 3 asubuhi, nitampima, na nambari zitatoka. Naomba uniambie leo niziandike wapi.

Wako katika kazi,
Mhamasishaji wa afya ya jamii, nyumba 103 (zilizotembelewa 14)