Barua kwa mwanangu: habari za shule yako ya zamani

Muheza, Agosti 2026

Mwanangu mpendwa,

Sisi nyumbani hatujambo, tunamshukuru Mungu. Bibi yako anatembea vizuri sasa, na baba yako anashinda shambani kwa kuwa malori ya wanunuzi wa machungwa yangali yanakuja, ingawa bei waliyokuja nayo safari hii haimfurahishi mtu. Barua yako ilifika Jumanne kwa mkono wa jirani yetu aliyekuja huko kumwona binti yake, tukaisoma kwa sauti baada ya chakula cha jioni, na wadogo zako waliposikia kwamba umeuliza habari za shule yenu ya msingi wakaanza kusimulia wote wawili kwa pamoja, kila mmoja akimkata mwenziwe kauli. Nimeyachukua yale ya maana. Umbeya wa darasa la tano nimeuacha, utausikia mwenyewe ukirudi likizo.

Habari inayozungumzwa zaidi kwa sasa ni darasa la saba. Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi ni mwezi ujao, na tangu shule zilipofunguliwa Julai huwaoni wale watoto njiani kabla ya magharibi. Katika mtihani wa utimilifu Hisabati ndiyo iliyowaangusha wengi, kama ilivyowatesa ninyi mwaka jana, na kwa sababu hiyo mwalimu wa Hisabati amejiongezea kipindi cha alfajiri kabla ya paredi, wala hajaomba mchango wa mzazi yeyote kwa kazi hiyo. Karatasi ni zilezile sita ulizozifanya wewe, kila moja kwa alama 50, kwa siku mbili. Jambo nililolipenda ni kwamba safari hii wameanza mapema kuwafundisha namna ya kujaza fomu ya majibu. Nilipita dirishani nikawaona wameinamia karatasi za mazoezi wakiweka kivuli kwenye herufi kwa penseli ya HB, na mwalimu akipita nyuma yao akikagua kama kivuli kimejaa na kama aliyebadilisha jibu amefuta vizuri, kwa maana mtoto anaweza kulijua jibu kisha akalipoteza kwa kifutio kibovu.

Mahafali yao yamepangwa kufanyika baada ya mtihani, siyo kabla. Kwenye kamati ya shule tulibishana kidogo, kwa kuwa wajumbe wengine walitaka sherehe iwe Agosti kama ilivyozoeleka, lakini mwalimu mkuu alisema, nami nilimuunga mkono, kwamba wiki mbili za kukariri ngonjera na kujipanga kwa gwaride ni wiki mbili zilizotolewa kwenye masomo. Wali na soda vitachangwa na wazazi wenye nafasi, kwa hiari. Mgeni rasmi bado hajapatikana, na kwa uzoefu wetu hata akipatikana tutamngoja juani mpaka watoto wa awali walale mapajani mwa mama zao.

Wiki iliyopita ilikuwa zamu ya wauguzi wa kituo cha afya. Walikuja kugawa dawa za minyoo na za kichocho, na kwa kuwa ile ya kichocho haitakiwi kumezwa tumbo likiwa tupu, wapishi waliamka usiku kuwasha moto, na saa mbili kamili uji ulikuwa umeshagawiwa kwa kila mtoto. Nilikwenda kusaidia kuwapanga. Unaikumbuka ile fimbo ndefu iliyochorwa mistari, ambayo mtoto anasimamishwa mgongo ukiigusa ili urefu wake uonyeshe atameza vidonge vingapi? Mdogo wako wa kike alipofika zamu yake alikunja magoti ndani ya sketi, taratibu kabisa, ili apungukiwe kidonge. Muuguzi alimtazama, akamgonga kwa kidole nyuma ya goti, akanyooka kama mlingoti, na darasa zima likaangua kicheko. Alimeza vyote. Jioni alidai kwamba alikuwa anajikuna tu.

Chakula cha mchana kinaendelea, makande siku nyingi na wali na maharage Ijumaa, lakini akiba ya mahindi iliyopo stoo haitafika Novemba kwa sababu wapo wazazi ambao hawajaleta hata kibaba tangu Januari. Jambo hili litakuwa ajenda ya kwanza katika kikao cha wazazi cha Jumamosi ijayo. Msimamo wangu nimeshautoa kwenye kamati na nitaurudia mbele ya watu: mzazi asiyechanga aitwe yeye, aelezwe yeye, na kama uwezo hana aseme tumjue, lakini mtoto wake apewe sahani sawa na wenzake. Elimu bila malipo ilianza mwaka 2016 ili mtoto asirudishwe nyumbani kwa sababu ya mfuko wa mzazi wake, na sioni tofauti kati ya kumrudisha nyumbani na kumsimamisha kando ya sufuria wenzake wakila.

Sasa nikueleze jambo ambalo ndilo hasa lililonifanya nichukue kalamu, nalo linahusu wadogo zako wote wawili. Unajua kwamba mmoja yuko darasa la sita na mwingine la tano, na kwa hesabu tuliyoizoea kaka angemaliza mwakani na dada angemfuata mwaka mmoja baadaye. Haitakuwa hivyo. Katika kikao cha kamati cha mwezi huu mwalimu mkuu alichukua chaki akaandika ubaoni 2027, chini yake akaandika VI na VII, kisha akazungushia vyote duara moja. Kwa mujibu wa Sera ya Elimu na Mafunzo, lile toleo la mwaka 2023, elimu ya msingi ni miaka sita badala ya saba, na mtaala mpya ulipoanza Januari 2024 ulianza kwa watoto wa awali, wa darasa la kwanza na wa darasa la tatu. Mdogo wako wa kike alikuwa la tatu, akaingia nao. Kaka yake alikuwa la nne, akabaki kwenye mtaala wa zamani. Kwa hiyo mwakani yeye atamaliza akiwa darasa la sita na kaka yake atamaliza akiwa darasa la saba, mwaka mmoja, shule moja, na Januari 2028 wataingia kidato cha kwanza pamoja, Mungu akipenda, wakati wewe ukiingia cha tatu.

Nilipomweleza baba yako alikaa kimya, akamaliza chai yake, akauliza godoro la bweni siku hizi ni bei gani. Huo ndio upande wa kwanza wa jambo hili. Ada ya sekondari haipo, hilo tunalijua, lakini wewe ulipopangiwa shule tulisoma fomu ya maelekezo ya kujiunga mpaka tukaikariri: tranka, godoro, shuka, ndoo, sare jozi mbili, viatu, madaftari, jembe. Vitu vyote hivyo itabidi vinunuliwe mara mbili kwa mkupuo mmoja. Tumekubaliana kwamba fedha ya machungwa ya msimu huu isiguswe, na mimi nimeanza kuweka katika kikoba cha akina mama wa mtaani hisa mbili badala ya moja. Nakwambia haya kwa sababu umekua, wala sitaki yakunyime usingizi. Mahitaji yako yako palepale.

Upande wa pili ni masomo yenyewe. Madaftari yako ya darasa la sita na la saba, ambayo bibi aliyafungia sandukuni chini ya kitanda chake utadhani hati za shamba, yanamfaa kaka mtu tu. Yeye bado anasoma Uraia na Maadili, Maarifa ya Jamii, Sayansi na Teknolojia, vilevile ulivyosoma wewe. Mdogo wake ana Historia ya Tanzania na Maadili, ana Jiografia na Mazingira, ana Sanaa na Michezo, na vitabu vyake ni vingine kabisa. Usiku wanakaa meza moja, taa moja, na kila mmoja ana maswali ambayo mwenzake hawezi kumsaidia isipokuwa kwenye Hisabati na lugha. Walimu nao wako katika hali hiyohiyo, maana mwalimu anatoka darasa la tano anakofundisha mtaala mmoja, anavuka veranda, anaingia la sita kufundisha mwingine, na wapo wanaobeba mabunda mawili ya maandalio ya somo kila siku. Ukiwasikia watu wakisema walimu wa siku hizi hawana kazi, waambie waje wasimame pale verandani asubuhi moja.

Kuna mzazi aliyeuliza swali zuri ambalo nadhani litarudi kwenye kikao cha Jumamosi. Alisema: ikiwa mwisho wa 2027 madarasa mawili yataondoka kwa mara moja, na kuanzia 2028 shule itakuwa na madarasa sita tu, kwa nini tuendelee kuchangia lile boma la madarasa lililosimama kwenye lenta nyuma ya ofisi? Si tutakuwa na vyumba vya kubaki? Hesabu yake haina kosa. Mwalimu mkuu alimjibu kwamba darasa la kwanza na la pili hivi sasa wanapokezana chumba, wa kwanza asubuhi na wa pili mchana jua likiwa utosini, kwamba wanaoandikishwa la kwanza kila Januari hawapungui, na kwamba boma likikaa miaka bila paa litaliwa na mvua za masika na jasho lote la wananchi litakuwa bure. Mimi nakubaliana naye, ila ningependa matundu ya vyoo vya wasichana yatangulie kabla ya bati, na hilo nitalisema. Shida kubwa zaidi, kwa maoni yangu, itakuwa huko sekondari mnakosoma ninyi, kwa maana wanafunzi wa miaka miwili watabisha hodi kwenye kidato kimoja, na shule ya kata isiyojiandaa mapema itajikuta inawakalisha watoto chini ya miti.

Nimekuja kwenye kaka mtu mwenyewe, ambaye hili limemuuma kuliko anavyoonyesha. Alipopata habari hakusema neno, lakini siku mbili zilizofuata aliacha kumsubiri mdogo wake njiani, akawa anatangulia peke yake na kidumu chake cha maji. Nilipomuuliza aliniambia kwamba yeye amemtangulia kwa mwaka mzima, amepewa madaraka ya kupiga kengele ile ya rimu mwembeni, na sasa anaambiwa watakuwa kidato kimoja kama pacha. Baba yake alimjibu kwa mzaha, na mzaha haukusaidia. Yule binti naye hajui kunyamaza. Amekwisha kumuuliza mbele ya watu atafanyaje iwapo yeye mdogo atapata alama za juu. Nilimkataza, akaitikia "abee mama" kwa adabu zote, na kesho yake akauliza tena.

Wewe anakusikiliza. Naomba umwandikie barua yake mwenyewe, yenye jina lake juu ya bahasha, kwa sababu hajawahi kupokea barua ya peke yake. Usimhubirie. Mweleze sekondari ilivyo: kwamba kidato cha kwanza kina mikondo mingi na huenda wasikae chumba kimoja, kwamba masomo mengi yanafundishwa kwa Kiingereza na wote mnaanza mkihangaika sawa, na jinsi ulivyofanya mwezi wa kwanza ulipokuwa huelewi kitu kwenye Baiolojia. Kwenye Hisabati amekwama kwenye kugawanya sehemu kwa sehemu na kwenye mafumbo ya umri, yale ya "Ali ana mara mbili ya umri wa mdogo wake"; ukiweza mfanyie maswali matatu kwa hatua zote, kwa mwandiko wako ule mkubwa, kwa sababu yale ya mwalimu anayanakili ila hayaelewi.

Mwalimu wa Kiswahili naye ana ombi kwako. Anataka nakala ya ile risala uliyoisoma kwenye mahafali yenu mwaka jana, ile iliyomfanya diwani aahidi madawati mbele ya watu, kwa maana risala ya mwaka huu imeandikwa na watoto wanne na kila mmoja ameanza upya na "Mheshimiwa mgeni rasmi". Hataki waigize maneno yako. Anataka waone namna ulivyotaja mafanikio kwanza kisha changamoto. Madawati hayo, kwa taarifa yako, yalifika Mei, siyo yote yaliyoahidiwa, lakini darasa la tatu sasa hakuna anayekaa sakafuni.

Nimemkabidhi kondakta wa basi la asubuhi mfuko wenye sabuni ya kufulia, mafuta ya kupaka, karanga za kukaanga alizozitengeneza bibi, na machungwa ambayo nakusihi uyagawe na wenzako wa bwenini kabla hayajaoza. Ndani ya mfuko wa karanga kuna bahasha mbili zenye stempu: moja ya kaka yako, nyingine ya risala. Ya risala iwahi kufika kabla ya mtihani wa darasa la saba, maana wakishaufanya zitabaki siku chache tu za mazoezi kabla ya mahafali. Ya kaka yako iandike ukipata nafasi ya kutulia, Jumapili baada ya usafi.

Baba yako, bibi na wadogo zako wanakusalimu sana.

Ni mimi mama yako.