Barua ya wazi kwa Mkuu wa Wilaya: vitabu vya manamba vinafungiwa bagia

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya,

Salaam.

YAH: VITABU VYA WAFANYAKAZI WA MKONGE VILIVYOMO KATIKA STOO YA HALMASHAURI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mheshimiwa, najua una kazi nyingi, na barua zangu za nyuma nina imani bado ziko njiani. Kutoka masijala hadi mezani kwako ni ukumbi mmoja, lakini ni ukumbi mrefu. Kwa hiyo hii ya leo nimeona niiandike mbele za watu, labda mmoja wao ataingia ofisini kwako akusomee.

Juzi jioni nilinunua bagia za mia tano stendi. Nilipozimaliza nikaiangalia karatasi. Ilikuwa nene, imegeuka rangi ya chai, ina mistari myekundu iliyopigwa kwa rula. Juu palikuwa na safu zilizoandikwa kwa wino wa buluu, mwandiko wa kulala wa makarani wa zamani: Namba, Jina, Jina la Baba, Kabila, Chifu, Wilaya, Tarehe ya Kufika. Pembeni, alama za dole gumba. Kwenye safu ya wilaya niliweza kusoma Kasulu, Kasulu, Kibondo, Songea, Kasulu. Chini ya hapo mafuta yalikuwa yameshakula majina.

Nikamuuliza mama bagia, "Hizi karatasi umezipata wapi?" Akanionyesha furushi chini ya meza, limefungwa kwa kamba ya katani. Vijana wanaosafisha stoo ya halmashauri wanaziuza kwa kilo. Akaongeza, kwa nia njema kabisa, kuwa ni karatasi nzuri, hazichaniki kama za gazeti. Nilizinunua zote zilizobaki. Babu yangu hamo.

Mheshimiwa, sijui nani aliamuru stoo isafishwe. Nahisi ni kwa sababu ya Mwenge. Kila Mwenge ukikaribia wilaya yetu, miti hupakwa chokaa, mawe hupakwa chokaa, na kila kilichozeeka hutafutiwa pa kufichwa. Au labda viti vya ukumbi mpya vimekosa pa kuwekwa. Kama nimekosea sababu, nisahihishe kwa maandishi, nitafurahi hata kupata hayo maandishi.

Hivyo vitabu si takataka. Wewe ni mgeni wa mkoa huu, na hakuna ubaya, wakuu wa wilaya wote huwa wageni, basi niruhusu nikueleze. Mkonge uliletwa hapa na Dk. Richard Hindorf, Mjerumani, mwaka 1893. Aliagiza miche elfu moja kutoka Florida, ikafa njiani, ikabaki 62, ikapandwa Kikogwe, Pangani. Sitini na miwili! Miche tunaijua idadi yake mpaka leo, inatajwa kwenye kila hotuba ya zao la mkonge. Watu walioikata miche hiyo na watoto wake kwa miaka mingi, ukiuliza majina yao unaambiwa uende ukamwone mama bagia.

Babu yangu mzaa baba aliletwa na SILABU, ofisi ya kuajiri ambayo wenye mashamba waliianzisha mwaka 1944. Vita ilikuwa imepamba moto, Wajapani walishachukua Ufilipino na visiwa vya Waholanzi kulikokuwa kukitoka nyuzi nyingi, na Waingereza walitaka kamba kwa udi na uvumba. Wakachukuliwa watu Kigoma, Songea, Ruanda-Urundi, na wengine ng'ambo ya Ruvuma. Bibi alikuwa akisimulia kwamba mumewe alifika na blanketi moja na namba. Namba ndiyo iliyokuwa ikiitwa asubuhi, na mnyapara hakuwa na haja ya kitu kingine. Kipande, kadi ya kuhesabia kazi, kilikuwa siku 30 za kazi, uzimalize ndani ya siku 42, la sivyo hesabu yako inakufa. Mkataba ulipoisha hakurudi. Alimpata bibi, Mmakua aliyevuka kutoka Msumbiji, wakakaa kambini, na baba yetu akazaliwa hapo mwaka 1953, nyuma ya korona, kile kiwanda cha kusindika mkonge.

Sasa unaweza kuuliza, kwa nini huyu mama anasumbuliwa na mambo ya kaburini? Kwa sababu ya mdogo wangu wa mwisho. Ameomba kitambulisho cha taifa tangu alipomaliza kidato cha nne, na mpaka leo anatumia laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina langu. Mkopo wa pikipiki hapati. Kazi ya ulinzi alipata, akaikosa kwenye kujaza fomu. Tatizo ni kwamba kuna afisa mmoja aliona kwenye maelezo neno "Muha", kabila la babu, la Kigoma mpakani na Burundi, akaweka kalamu chini. "Babu yenu alizaliwa upande gani wa mpaka? Mna ushahidi?"

Mimi changu nilipata mapema, kabla hawajaanza kuwauliza watu mababu zao. Mama yetu mzazi naye ni mtoto wa kambi, wazazi wake hatukuwahi kuwaona. Kwa hiyo kila kitu kinarudi kwa babu. Nimeisoma sheria, Mheshimiwa, nimesaidiwa na mwalimu mstaafu wa uraia. Tarehe 9 Desemba 1961 aliyezaliwa Tanganyika alikuwa raia kama baba au mama yake naye alizaliwa Tanganyika. Bibi wa Msumbiji hatusaidii. Babu akiwa wa Kasulu, baba yetu ni raia tangu usiku ule bendera ilipopandishwa, na maswali yameisha. Babu akiwa wa Urundi, tujue, tufuate njia nyingine. Jibu liko kwenye safu ya sita ya kitabu kilichomo, au kilichokuwamo, kwenye stoo yako.

Usifikiri sikujaribu kwingine. Wenzetu waliobatizwa wana bahati, padri aliandika jina, kijiji, wazazi na shahidi. Babu alikuwa Mwislamu, alisomewa ndoa na sheikh wa kambi na hakuna karatasi. Stakabadhi zake za kodi ya kichwa bibi alizitunza kwenye mkebe wa majani ya chai, mchwa wakaingia. Imebaki moja, namba inasomeka, jina halisomeki. Nikaambiwa nijaribu sensa. Mheshimiwa, sensa ya mwaka 1948 iliwahesabu Waha, ndiyo, lakini kinachopatikana leo ni jumla tu: wanaume kadhaa, wanawake kadhaa, watoto kadhaa, wilaya fulani. Ya 1957 hivyo hivyo. Ya 1967 ndiyo ya mwisho kuuliza kabila, na kwa maoni yangu ilikuwa busara kuliondoa swali lile. Ila naomba kuelimishwa: nchi ambayo sensa yake imekataa kutuuliza kabila tangu 1967, imekuwaje mdogo wangu aulizwe kabila dirishani, kisha likawa kosa?

Tukiwa kwenye sensa, nikukumbushe. Mwaka 2022, kabla ya kuhesabiwa, ulikuja uwanja wa mpira na fulana iliyoandikwa Jiandae Kuhesabiwa. Nilinyoosha mkono. Nilisema vitabu vya lile shamba vililetwa halmashauri lilipofungwa, vinanyeshewa, tunaomba tuvione na vihifadhiwe. Ulishika kipaza sauti ukasema, "Mama, hilo nimelichukua, nitalifanyia kazi." Watu wakapiga makofi. Mimi pia nilipiga. Tukahesabiwa, tukawa milioni 61 na ushei, sote tunajulikana idadi, kama miche ya Hindorf. Lile ulilolichukua sijui ulilipeleka wapi.

Baada ya hapo nimekuwa mtu wa nenda rudi. Mhusika yuko semina Dodoma. Mhusika amehamishwa. Mhusika mpya hajakabidhiwa funguo. Mara ya mwisho kijana wa masijala, mtaratibu, sina ugomvi naye, aliniambia siwezi kuonyeshwa kwa sababu ya sheria mpya ya kulinda taarifa binafsi. Nikamwambia mwanangu, hawa watu walizaliwa miaka ya ishirini, taarifa zao unamlinda nani nazo? Akasema ndivyo alivyoelekezwa. Sasa taarifa binafsi zile zile zinasomwa stendi na kila mwenye njaa, zikiwa na pilipili juu.

Na kuna sheria nyingine ambayo hakuelekezwa. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Namba 3 ya mwaka 2002, hairuhusu kumbukumbu ya umma iharibiwe bila kibali cha wenye mamlaka. Msiniambie vilikuwa vitabu vya mzungu. Shamba lilitaifishwa mwaka 1967 baada ya Azimio la Arusha, na kila kilichokuwa ndani ya ofisi yake kikawa mali ya umma, meza, mizani na vitabu. Kibali cha kuviuza kwa kilo kilitolewa na nani? Kipo? Naomba nakala.

Dar es Salaam kuna majalada ya Wajerumani waliotutawala, yametunzwa, na mwaka 1997 UNESCO iliyaingiza katika orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia. Ni jambo jema. Yametunzwa maandishi ya bwana shauri aliyeandika nani achapwe viboko. Nashindwa tu kuelewa kwa nini ya waliochapwa yatoshe bagia.

Sidai fidia. Sidai kujengewa jumba la makumbusho, ingawa wapo wanaosema lile ghala la zamani la korona lingefaa, na kweli lingefaa, lakini hilo waachie wenye muda. Wala siombi uchunguzi wa nani kauza, wale vijana walitumwa kufagia wakafagia. Nilikuwa nimeandika orodha ya maombi, nimeifuta. Naomba stoo isifagiliwe tena mpaka nimeingia.

Nifungulieni siku moja. Nitakuja na taa yangu, barakoa yangu ya vumbi, na mwalimu mstaafu anayesoma mwandiko wa kulala. Mlinzi asimame mlangoni akipenda. Hatutachukua hata ukurasa, tutapiga picha kwa simu, tutavipanga vile vilivyobaki juu ya mbao visiguse sakafu inayoloa, tutafunga mlango. Wapo wenzangu wa kambi za jirani wenye shida hii hii, Wangoni, Wabena, Wamakonde, wakisikia imewezekana watakuja na wao, na wao wafunguliwe. Lakini nianzie mimi, kwa sababu mdogo wangu ana usaili mwingine na fomu ina mstari ule ule.

Siku moja, Mheshimiwa. Kabla ya Mwenge.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mkazi wa kambi ya zamani ya mkonge, wilayani kwako

N.B. Funguo hazijapotea. Mlinzi wa zamu ya mchana anazo, ameniambia anasubiri neno lako tu.