Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Maji na Nishati Katika Viwanda Vyetu vya Nguo na Ngozi

Ndugu wanachama,

Mliponikabidhi kiti hiki mliniagiza jambo moja: tupunguze maji na nishati viwandani bila kushusha ubora wa kitambaa wala wa ngozi. Mambo ya fedha atayasoma mhazini. Mimi nitasema juu ya agizo hilo tu.

Hatua kubwa ya mwaka, kwa maoni yangu, ni kwamba tumeacha kuzungumza juu ya maji na moto wa boila kana kwamba ni hesabu mbili. Lita moja ya maji ikipandishwa kutoka nyuzi 20 hadi 90 inakula takriban kilojuli 290 za joto. Ukiimwaga ingali moto, umemwaga na kuni. Kwa hiyo vikao viwili vizima vilikwisha tukijadili uwiano wa maji na kitambaa, na sijutii hata dakika moja. Winchi za zamani, yaani mashine za kutilia rangi, hunywa lita 20 kwa kilo ya kitambaa, pengine zaidi, na hapo ni bafu moja tu, yaani kujaza maji mara moja. Mashine za kisasa za jeti huridhika na lita 5 au 6. Sasa hesabuni mabafu: kuchemsha, kupausha, kutia rangi, kusuuza, kusuuza tena. Si ajabu viwanda vingi kupita lita 100 kwa kilo moja. Anayepunguza maji ya bafu hupunguza pia chumvi na kemikali, maana hizo hupimwa kwa kila lita ya maji ya bafu.

Kwenye pamba, kinachokula maji zaidi ni usuuzaji, kwa sababu rangi za riaktivu, zinazojifunga na pamba kwa kemikali, hazishiki zote na iliyobaki lazima itolewe. Wanachama waliojaribu njia ya baridi walitueleza walichokiona: kitambaa hupitishwa kwenye rangi na alkali, hukamuliwa, huviringishwa na kufunikwa plastiki, kisha huachwa kizunguke polepole kwa saa 12 hadi 24 katika joto la kawaida. Chumvi haihitajiki, na mvuke wa kushikisha rangi hauhitajiki. Inadai nafasi na uvumilivu, na kwa oda ndogondogo za rangi nyingi haifai. Lakini mwenye oda ndefu za rangi moja ambaye bado hajaijaribu, namsihi aijaribu mwaka huu.

Kuhusu kukausha nitasema kwa ufupi. Kugeuza lita moja ya maji kuwa mvuke kunahitaji takriban kilojuli 2,260, karibu mara nane ya kuyapasha kama nilivyotaja. Basi roli za kukamulia zikichakaa, mashine ya kukaushia ndiyo inayolipa. Badilisheni mpira wa roli kabla ya kufikiria mashine mpya.

Nililokutana nalo kiwandani kwangu ni hili. Tulipokagua mabomba ya mvuke, tulikuta vali kadhaa za kutolea maji ya mvuke zimekwama wazi, na mvuke hai ulikuwa ukipita moja kwa moja. Maji safi ya mvuke uliopoa, yenye joto la kuchemkia, yalikuwa yakitiririka mtaroni wakati boila ikilishwa maji baridi. Nilipita hapo kila siku kwa miaka na sikuinama kuangalia. Marekebisho yalifanywa na fundi wetu wenyewe. Tafadhali, kila mmoja akague vali zake kabla ya mwezi huu kwisha.

Upande wa ngozi kamati ilichelewa, na nawaomba radhi wenzetu wa huko. Mlichotufundisha ni kwamba bomba lililoachwa wazi juu ya pipa linalozunguka huosha vibaya na hutumia maji mengi. Kuosha kwa mikupuo iliyopimwa, mlango ukiwa umefungwa, hutoa ngozi safi kwa maji machache zaidi. Kuchuja maji ya chokaa na salfaidi, yanayotumika kuondoa manyoya, na kuyatumia tena kunawezekana. Vivyo hivyo maji ya kromi, dawa ya kuzuia ngozi isioze; katika njia ya kawaida maji hayo hubaki na asilimia 20 hadi 40 ya kromi ambayo ngozi haikuinywa.

Hapa natoa onyo, nalo ni zito kuliko akiba yoyote. Maji ya salfaidi yakikutana na asidi hutoa gesi ya haidrojeni salfaidi, inayoua kwa pumzi chache na kuipumbaza pua isinuse tena. Mitaro ya chokaa na mitaro ya asidi itenganishwe kabisa, na mtu asiingie kwenye shimo peke yake. Mpango wa kurejeleza maji usiotimiza hayo, kamati haitauunga mkono.

Baadhi yenu mnataka tuende moja kwa moja kwenye kusafisha maji yote bila kumwaga hata tone. Januari 2011 Mahakama Kuu ya Madras iliamuru viwanda vya kutia rangi vya Tiruppur, India, vifungwe kwa kuchafua mto, na mji huo ukalazimika kwenda njia hiyo. Maji yanarudi kiwandani, ila kuyachuja kwa shinikizo na kuyavukiza maji ya chumvi yaliyobaki hula nishati nyingi. Kila lita ambayo hatukuitumia kwanza ni lita ambayo hatutailipia kuisafisha. Huo ndio mpangilio ninaoutetea.

Limenisikitisha jambo moja. Tuliomba takwimu za kila mwezi, lita na nishati kwa kilo ya bidhaa, na wengi hawakuleta. Wengine hawana mita isipokuwa ile ya langoni, ambayo haiwezi kusema kama tatizo lipo kwenye kupausha au vyooni. Kwa hiyo kamati inaleta pendekezo mlipigie kura leo: kila mwanachama afunge mita katika kila idara inayotumia maji, na mita ya mvuke kwenye boila, ndani ya miezi sita. Katibu atahifadhi takwimu bila kutaja jina la kiwanda. Tunahitaji pia kiwanda kimoja cha ngozi kijitolee pipa moja kwa majaribio ya maji ya kromi. Aliye tayari amwone katibu wakati wa mapumziko.