Mwanangu, mshono upone kwanza ndipo farasi

Mwanangu kipenzi,

Assalam aleikum. Habari ya operesheni yako ya kukata tumbo, ule mfuko wa chakula, ili kilo zishuke, nimeipata kwa kaka yako, wala si kwako, na hilo tutalizungumza siku nyingine. Nimefurahi na nimeogopa. Kinachonitia hofu si kisu, ni hiyo tarehe uliyoizungushia duara kwenye kalenda, siku ya kurudi kwenye farasi. Ifute.

Hao walimu wako wa farasi wana haki kukuwekea kikomo cha uzito. Farasi wa kilo 500 asibebeshwe zaidi ya asilimia 20, yaani kilo 100, na humo mna tandiko la kilo 8 hadi 10, viatu na helmeti. Mpandaji mwenyewe anabakiwa na 87 hivi. Najivunia kwamba umeanza kumfikiria mnyama kabla ya nguo za harusi. Lakini kilo kushuka na mshono kupona ni mambo mawili.

Zile wiki mbili za kabla ya upasuaji usiibe hata kipande cha mkate. Chakula chenye wanga kidogo ni cha kulipunguza ini. Ini lenye mafuta huvimba na kulifunika tumbo, na daktari asipoweza kuliinua huahirisha kazi. Wakishakata, zaidi ya robo tatu ya tumbo inaondoka na ndani unabaki mstari mrefu wa pini zilizoushona. Mstari huo ukivuja, dalili ya mapema mara nyingi ni moyo kwenda mbio, hata 120 kwa dakika nawe umelala. Huja pia homa, maumivu ya tumbo au ya bega la kushoto. Usingoje kukuche, wala usinipigie mimi kwanza. Nenda hospitali.

Vidonda vya nje ni vidogo, hukauka upesi, na hapo ndipo watu hudanganyika. Misuli ya chini ya ngozi inataka wiki sita kwa uchache. Usibebe ndoo ya maji ya farasi, usinyanyue tandiko, usikaze mkanda wake. Kujikaza kwa ghafla ndiko kunakoleta ngiri pale palipotobolewa. Daktari akikuruhusu, panda kwa kutumia ngazi, usijivute kwa kikuku cha kukanyagia, na farasi atembee tu. Mwendo wa kudundadunda usiuguse kwanza, hata wenzako wakikuita.

Protini ni gramu 60 hadi 80 kwa siku. Yai moja lina 6 tu, kwa hivyo usione haya kunywa ile ya unga. Ukiikosa, mwili hula misuli ya mapaja na mgongo, na mpandaji asiye na misuli humwangukia farasi mgongoni kila hatua, hata awe mwepesi. Maji unywe kidogo kidogo kutwa, si pamoja na chakula. Ukitapika mfululizo usivumilie, maana vitamini B1 huisha haraka na neva zikaharibika. Vidonge vya vitamini ni vya maisha, na sindano ya B12 usiikose wakikupangia. Siku ukianguka, ibuprofeni usiiguse, meza parasetamoli.

Ramadhani usifunge mpaka wakuruhusu, siku zako utazilipa. Shangazi yako akisema neno, mwambie aniulize mimi. Na yale maneno tuliyokuwa tukiyasema juu ya sahani yako hayatasemwa tena humu ndani.

Nakurudia tena: wakikwambia wiki sita, usipande wiki ya tano kwa sababu unajisikia vizuri.

Baba yako hajambo, presha imeshuka ila dawa hukumbushwa. Mpangaji amelipa nusu, na paa la jikoni linavuja pale juu ya jiko. Usitume pesa mwezi huu, nunua huo unga wa protini. Niandikie jina la wodi na saa za kupiga simu. Fundi wa paa amebisha hodi, naenda kumfungulia.

Mama yako