Si mawingu, ni ioni

Mhariri,

Naomba nafasi nisahihishe makala yenu kuhusu vipokezi vya setilaiti vinavyotumika kupima mahali, iliyodai kuwa vipimo vya jioni huyumba kwa sababu ya mawingu. Mimi ni mpima ardhi. Mwezi Machi niliacha kipokezi juu ya bikoni (alama ya mpaka) ya shamba kikirekodi, na ilipofika saa mbili usiku, anga ikiwa safi na nyota zote zikionekana, setilaiti zilianza kupotea kwenye skrini moja baada ya nyingine, kisha zikarudi bila mimi kugusa chochote.

Chanzo kiko juu mno kuliko mawingu. Miale mikali ya jua huzing'oa elektroni kutoka kwenye atomi na molekuli za hewa, na zinazobaki ndizo ioni. Kilomita 100 juu, hewa bado ina msongamano wa kutosha hata ioni moja ikagongana na chembe nyingine maelfu ya mara kwa sekunde, hivyo hubebwa na upepo, ilhali elektroni hubaki zimeshikwa na sumaku ya dunia. Tofauti hiyo ya mwendo ndiyo huzaa mkondo wa umeme angani. Kilomita 300 juu, migongano hupungua hadi karibu mara moja kwa sekunde, na sumaku huzitawala zote mbili.

Hapo ndipo sisi tunapoguswa. Ikweta ya sumaku, yaani mstari ambapo sumaku ya dunia hulala sambamba na ardhi, haipiti Nanyuki kama ile ya ramani, bali hupita Ethiopia. Mchana, ioni na elektroni zilizo juu yake husukumwa kwenda juu na nguvu ya umeme inayoambatana na mkondo ule, kisha huteleza kufuata mistari ya sumaku mithili ya maji ya chemchemi na kurundikana pande mbili, na rundo la kusini huangukia anga ya Kenya na Tanzania. Jua likizama, ioni za chini huungana upesi na elektroni na kutoweka. Tabaka zito la juu, likiwa halina kitu chini yake, hutobolewa na mapovu yanayopanda, yaani sehemu zenye ioni na elektroni chache. Mawimbi ya setilaiti yakipita humo hutetereka, na kipokezi huyapoteza.

Tangu usiku ule, hasa Machi na Septemba, vipimo vya kati ya saa moja jioni na saa sita usiku huvirudia asubuhi. Naomba mchapishe masahihisho, kwa kuwa wapima vijana wanawasoma, na bikoni ikikosewa hata kwa nusu mita, majirani hufikishana mahakamani.

Mpima ardhi,
Mombasa