Cheti cha ukaguzi wa magari ya mtumba kitaje hali ya mifuko ya hewa

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie magari ya juu ya ukubwa wa kati, yale ambayo wengi tunayaita SUV: Harrier, RAV4, X-Trail, Forester, CR-V na mengine ya aina hiyo. Ukipita kwenye yadi za Mwenge na Kinondoni, au ukifungua matangazo ya madalali kwenye simu, utakuta kwamba baada ya sifa za kawaida za rangi, rimu na kilomita chache, baadhi ya wauzaji sasa wanataja pia nyota tano za usalama. Hoja yangu ni kwamba nyota hizo zilitolewa kwa gari jipya, la toleo fulani, katika soko fulani na kwa mtihani wa kugongesha gari wa mwaka fulani, wakati gari linaloshushwa bandarini kwetu baada ya miaka kumi au kumi na tano huenda halina tena vifaa vilivyolipatia sifa hiyo, kama mifuko ya hewa (airbag) inayofutuka kumkinga mtu gari linapogonga, na mnunuzi wa kawaida hana njia rahisi ya kulijua hilo kabla ya kulipa.

Nyota hazitolewi na mtahini mmoja. Japani wana mpango wao wa kupima usalama wa magari mapya, JNCAP, tangu 1995, Ulaya wana Euro NCAP iliyotoa matokeo yake ya kwanza mwaka 1997, na Marekani wana mamlaka ya serikali ya usalama barabarani, NHTSA, inayotoa nyota, pamoja na taasisi ya kampuni za bima, IIHS, ambayo haitoi nyota bali hupanga magari kwa madaraja kuanzia zuri hadi baya. Kila mmoja hugongesha gari kwa namna yake. Mwaka 2012 IIHS iliongeza mtihani ambao ni robo tu ya upana wa mbele wa gari inayogonga kizuizi kwa mwendo wa kilomita 64 kwa saa, upande wa dereva. RAV4 ya 2013 ilipata daraja la chini kabisa katika mtihani huo, huku Forester ya 2014 ikipata la juu. Toyota waliimarisha gari lao na RAV4 ya 2015 ikafaulu. Kisha mwaka 2016 taasisi hiyohiyo ikagongesha upande wa pili, wa abiria, na RAV4 ya 2015 ikarudi kwenye daraja la chini kabisa, na hata Forester ya 2014, iliyokuwa imesifiwa sana, ikashuka. Gari la Marekani lina usukani kushoto, kwa hiyo upande huo ulioshindwa ni wa kulia, anakokaa dereva wa Tanzania. Sisemi kwamba RAV4 zilizotengenezwa kwa soko la Japani zina udhaifu huo, kwa sababu gari la usukani wa kulia halijengwi sawasawa na lile la kushoto. Ninachosema ni kwamba tokeo la Marekani haliwezi kubandikwa kwenye gari la Japani, wala la Ulaya likabandikwa kwenye la Marekani, kama wafanyavyo wauzaji wetu.

Mitihani nayo hubadilika. Fiat Punto, ingawa si SUV, ilipata nyota tano za Euro NCAP mwaka 2005, na ilipopimwa tena mwaka 2017 haikupata hata moja. Anayetangaza nyota bila kutaja mwaka na mtahini hajatangaza kitu.

Wapo wanaoamini kwamba urefu wa gari peke yake ni kinga. Gari la juu lina uzito ulioinuka, na linapoyumbishwa ghafla, tuseme dereva anapomkwepa bodaboda kwenye Barabara ya Morogoro, ni jepesi kupinduka kuliko gari dogo la chini. Kinga kubwa hapo ni mfumo unaofunga breki ya gurudumu moja moja gari linapoanza kuserereka. Toyota wanauita VSC, Nissan na Subaru VDC, Honda VSA, Mazda DSC. Marekani iliulazimisha kwa magari yote mapya yasiyo mazito, zikiwamo SUV, kuanzia matoleo ya 2012, na utafiti wa huko umeonyesha kwamba hupunguza takriban kwa nusu uwezekano wa kufa katika ajali inayohusisha gari moja tu. Katika SUV nyingi za miaka ya 2000 mfumo huu ulikuwa wa kulipia ziada, hivyo X-Trail mbili zinazofanana rangi na mwaka zinaweza kuwa moja inao na nyingine haina. Sijawahi kuona tangazo linalotaja jambo hilo, ingawa paa la kioo halisahauliki kamwe.

Linalonisumbua zaidi ni mifuko ya hewa. Mfuko ukishapasuka katika ajali, ni lazima ubadilishwe pamoja na kompyuta yake na mikanda iliyojikaza wakati wa mgongano, na gharama yake ni kubwa. Matokeo yake ni kwamba lipo gari ambalo kifuniko cha usukani kimegundishwa vizuri, ndani hakuna kitu, na taa ya onyo imeunganishwa na taa nyingine ili iwake na kuzimika kana kwamba mambo ni salama. Gari lililonunuliwa mnadani Japani huwa na karatasi ya ukaguzi, na alama ya R kwenye karatasi hiyo kwa kawaida maana yake ni kwamba liliwahi kupata ajali likatengenezwa. Mnunuzi aiombe, muuzaji anayesema imepotea amekwishajibu.

Kisha kuna mifuko ya Takata, kampuni ya Japani iliyofilisika mwaka 2017. Kifaa chake cha kujaza mfuko kilitumia amonia nitrati, kemikali inayoharibika taratibu kwa joto na unyevu hadi ikalipuka kwa nguvu kupita kiasi na kurusha vipande vya chuma kwa walio ndani ya gari. Vifaa vilivyotakiwa kurudishwa vilikuwa takriban milioni 100 duniani, na Marekani ilianza na maeneo yenye joto na unyevu kama Florida. Msomaji wa Dar es Salaam hahitaji kuelezwa hali ya hewa ya aina hiyo. Miongoni mwa magari yaliyohusika ni baadhi ya CR-V, RAV4 na X-Trail za mwanzoni mwa miaka ya 2000, ambazo bado tunakutana nazo barabarani kila siku. Tovuti za watengenezaji huko Japani huonyesha, kwa namba ya chesesi, kama gari lilikwisha kurekebishwa. Tovuti za Marekani hazisaidii, kwa kuwa zinadai namba ya tarakimu na herufi 17 ambayo gari la soko la Japani halina.

Magari mapya zaidi yana matatizo yake. EyeSight, mfumo wa Subaru unaofunga breki wenyewe gari linapokaribia kugonga, hutazama barabara kwa kamera mbili nyuma ya kioo cha mbele, na mfumo wa Toyota wa aina hiyo, Toyota Safety Sense, ulioanza mwaka 2015, nao hutegemea kamera, na katika magari mengi rada iliyofichwa nyuma ya nembo. Kioo kikibadilishwa bila kamera kupangwa upya, au nembo ikibadilishwa kwa ajili ya urembo, breki zinazojifunga zenyewe haziaminiki tena. Chuma kizito kinachofungwa mbele ya bampa nacho huvuruga namna gari lilivyokusudiwa kujikunja linapogonga.

Ombi langu kwa Shirika la Viwango, TBS, ambalo hukagua magari ya mtumba yanapofika, ni kwamba kompyuta ya mifuko ya hewa isomwe kwa mashine, namba ya chesesi itazamwe kwenye orodha ya mtengenezaji, na cheti kieleze wazi mifuko ipo mingapi, mikanda yote inafanya kazi au la, na mfumo wa kuzuia kuserereka upo au haupo. Najua itasemwa kwamba hili litachelewesha magari bandarini na kupandisha bei. Mashine ya kusoma kompyuta ya gari wanayo mafundi umeme wa Ilala na Gerezani, na kazi yenyewe ni ya dakika chache. Kikokotoo cha kodi cha Mamlaka ya Mapato, TRA, tayari humtaka mwagizaji ataje aina ya gari, mwaka na ukubwa wa injini, na gari lililozidi miaka minane hulipiwa ushuru wa ziada kwa uzee wake, kwa hiyo utaratibu wa kumdai mwagizaji maelezo ya gari si mgeni.

Na kama sehemu ya taarifa hizi tayari imo katika majalada ya wakaguzi, basi ombi langu ni dogo zaidi: yadi ilazimishwe kuibandika nakala yake kwenye kioo cha gari, kando ya bei.

Msomaji wako,
Tabata, Dar es Salaam